Shanta ya Mtu wa Mazimbu Apandaye Uluguru

Ukisimama Mazimbu asubuhi isiyo na mawingu, milima ya Uluguru unaiona upande wa kusini-mashariki, karibu kiasi cha kuhesabu makorongo yake. Ukaribu huo huponza watu. Wapo wanaopanda na fulana ya pamba, suruali ya jinzi na chupa moja ya maji, kwa hoja kwamba mlima unaoonekana kutoka kibarazani hauwezi kumtetemesha mtu. Wapo na waangalifu kupita kiasi, wanaotafuta orodha ya vifaa vya kupandia Kilimanjaro na kuifuata mstari kwa mstari, hadi wanaazima jaketi nene la manyoya ya bata kwa safari ya siku mbili. Makundi yote mawili yamejiandaa kwa mlima mwingine. Uluguru baridi humfikia mtu kwa njia ya maji. Kwa hiyo kila unachotaka kutia kwenye shanta kiulize kwanza kitakuwaje kikishalowa. Unene wake utauliza baadaye.

Tuanze na kipimajoto, maana ndicho kinachodanganya. Mazimbu iko kwenye mwinuko wa karibu mita 500 kutoka usawa wa bahari. Bondwa na Lupanga, vilele viwili vinavyoutazama mji wa Morogoro, vinapita mita 2,100. Uwanda wa Lukwangule uko juu zaidi ya hapo, na Kimhandu, kilele kirefu kuliko vyote, kinapita mita 2,600. Hewa hupoa kwa nyuzi 5 hadi 6.5 hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda, kutegemea unyevu wake. Chukua usiku wa Julai ambao Mazimbu kipimajoto kinasoma nyuzi 16 na watu wamejifunika shuka. Upandishe usiku huohuo hadi Lukwangule, na hesabu inakushusha chini ya nyuzi 10. Mtu wa Makete ataicheka baridi ya namna hiyo. Atacheka kwa haki, ilimradi amekaa mahali pakavu.

Historia ya Mazimbu yenyewe inatupa mfano mzuri wa tofauti hiyo. Tangu mwaka 1978 hadi kilipokabidhiwa kwa serikali ya Tanzania mwaka 1992, hapa palikuwa na Chuo cha Solomon Mahlangu, SOMAFCO, kilichojengwa na ANC juu ya ardhi ya shamba la zamani la mkonge, na leo majengo hayo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Wakazi wake walitoka Afrika Kusini, wengine katika miji kama Johannesburg, ulioko zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari. Usiku wa Juni au Julai huko hukaribia sifuri. Lakini mvua za Johannesburg hunyesha miezi ya joto, kuanzia Oktoba hadi Machi, na miezi ya baridi ni mikavu. Blanketi zito na koti la pamba lililojazwa vizuri humtosha mtu kule, kwa kuwa hakuna cha kuvilowesha. Blanketi hilohilo ukilipandisha kwenye ukungu wa Bondwa, kufikia jioni litakuwa na uzito maradufu na joto nusu, ingawa hewa ya Bondwa ni ya vuguvugu ukiilinganisha na ile ya Johannesburg. Namba za nyuzi peke yake, basi, hazikuambii uvae nini.

Maji ya Uluguru yana sababu yake. Pepo zitokazo Bahari ya Hindi huvuka nyanda za chini bila kizuizi kikubwa, zikafika hapa na kukuta ukuta. Zinalazimika kupanda, zinapoa, zinamwaga. Miteremko ya mashariki, upande wa Matombo na Kinole, kuna sehemu zinazopata zaidi ya milimita 2,900 za mvua kwa mwaka, na ni vigumu kutaja mwezi ambao una hakika ya ukavu. Upande wa magharibi, kwenye mashamba ya mboga ya Mgeta, mvua hupungua sana, na bondeni Mazimbu inapungua zaidi. Utajiri huo wa maji ndio unaoulisha mto Ruvu na kuinywesha Dar es Salaam. Kwa mpandaji maana yake ni kwamba utalowa. Hata siku isiyo na tone la mvua, ukungu hutua juu ya msitu, matone yakaning'inia kwenye kila jani na kila unyasi, nawe ukipita kichakani unayakusanya yote kwa suruali. Anayesema “nitaangalia utabiri wa hali ya hewa” anasahau kwamba utabiri wa Morogoro mjini unahusu mji.

Kwa nini kulowa kuwe hatari kuliko upepo mkavu wa nyuzi chache zaidi? Nguo haina joto lake yenyewe. Kazi yake ni kushika hewa iliyotulia karibu na ngozi, na hewa hupitisha joto polepole mno. Maji hupitisha joto takriban mara 25 zaidi ya hewa, hivyo nguo iliyojaa maji imeacha kuwa kinga na imekuwa njia ya kutorokea joto. Hasara ya pili ni ya ukaukaji: ili lita moja ya maji igeuke mvuke juu ya mwili wako, inahitaji kilojuli 2,400 hivi, na sehemu kubwa ya hizo unazitoa wewe. Kwa lugha ya jikoni, hiyo ni nguvu iliyomo katika gramu 160 za unga wa mahindi. Mtu anayeachia nguo zimkaukie mwilini huku ameketi na upepo unavuma, mlima unamlia sahani yake ya ugali.

Ndiyo maana pamba, kitambaa bora kabisa kwa maisha ya Mazimbu, inabidi iachwe Mazimbu. Sifa inayoifanya ipendwe kwenye joto, yaani kunywa jasho na kupoza mwili, ndiyo inayoifanya adui juu kule. Suruali ya jinzi ni mbaya kuliko nguo zote: ikilowa ni nzito, inabana magoti kwenye mpando, na hata ukiianika usiku kucha kwenye ukungu asubuhi utaikuta vilevile. Poliesta haifyonzi hata asilimia moja ya uzito wake. Ikamue, ikung'ute, nusu ya kazi imekwisha. Sufu hufyonza hadi karibu theluthi moja ya uzito wake, lakini nyuzi zake zilizojikunja huendelea kushika hewa, hivyo sweta la sufu lenye unyevu bado ni sweta.

Usidhani vitu hivi ni vya maduka ya watalii. Jezi ya mpira, ya Simba, ya Yanga au ya Mtibwa, ni poliesta, na inafaa kabisa kuvaliwa ngozini wakati wa kupanda. Ushabiki hauna uzito kwenye shanta. Sweta jepesi lenye manyoya mafupi ya poliesta, ambalo mitumba ya Morogoro haiishiwi kwa sababu bondeni halina mnunuzi wa haraka, ndilo la kuvaa juu yake. Soma lebo ya ndani kabla hujalipa. Kama lebo imekatwa, dondoshea tone la maji upande wa ndani: likizama papo hapo na kuacha doa jeusi, una pamba mkononi. Sweta la sufu halisi hujulikana kwa kukwaruza shingo kidogo, na hilo ni jambo la kuvumilia. Angalizo moja la kweli dhidi ya poliesta ni moto: cheche moja ya kuni hutoboa tundu, na ukiisogeza mno karibu na mafiga inayeyuka na kugandia ngozi. Anayetarajia kuota moto aweke sufu juu.

Lile jaketi la manyoya ya bata nalo lina sifa zake, na siwalaumu wanaolipenda. Kwa uzito mdogo hakuna kinacholishinda katika kushika hewa, na karibu na kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, ambako unyevu mwingi umeshaganda kuwa barafu, ni sawa kabisa. Manyoya yakilowa, hata hivyo, yanashikamana kama ya kuku aliyenyeshewa, hewa yote inatoka, na kukausha jaketi hilo msituni haiwezekani. Kama unalo tayari, libebe ndani ya mfuko usiopitisha maji kwa ajili ya kulalia tu. Kama huna, usiazime.

Koti la mvua ndilo watu wanalolikosea zaidi, kwa sababu wanaamini likishavaliwa kazi imekwisha. Kupanda kutoka mjini kwenda Morningside tu kunamtoa mtu jasho la kutosha, na koti la plastiki nzito, kama lile la kijani ambalo madereva wa bodaboda huvaa masika, halina mahali pa kutolea mvuke. Baada ya nusu saa umelowa kutokea ndani, tofauti na aliyenyeshewa ni chumvi tu. Dawa ni mwendo: panda polepole kiasi cha kuweza kuongea, fungua zipu kifuani, vua sweta kabla hujatoka jasho, wala usingoje likutoke. Mvua nyepesi ikianza wakati uko kwenye mpando mkali, mara nyingi ni afadhali ubaki na jezi yako, ulinde sweta ndani ya shanta, na koti ulivae pale utakaposimama au utakapotoka msituni kwenye upepo. Koti la bodaboda basi si la kudharauliwa. Ni zuri kwa kukaa na kushuka, baya kwa kupanda. Mwavuli unafaa barabarani Mgeta. Msituni unanasa kwenye matawi, na kilimani upepo unaugeuza.

Sasa kitu kilicho muhimu kuliko koti lolote: nguo kavu za usiku. Jezi au fulana nyingine ya poliesta, sweta, suruali ya traksuti, soksi nene, kofia ya mzula. Ni vitu vitano, kilo moja na nusu hivi, vifungwe ndani ya mfuko usiopitisha maji na visiguswe mpaka uwe ndani ya hema au chini ya paa, shughuli zote za nje zimekwisha. Asubuhi vivuliwe, vifungwe tena, na wewe urudie nguo zako zilizolowa jana. Hapo ndipo wengi hugoma, na sababu yao inaeleweka: nani atavaa suruali ya maji alfajiri, na kavu anayo? Lakini hesabu ni nyepesi. Ukiondoka na zile kavu, kufikia saa nne asubuhi nazo zimelowa, na usiku wa pili huna hata moja. Zilizolowa zitakukera kwa dakika kumi na tano, kisha mwili unaotembea utazipasha. Mwili uliolala hauwezi kufanya kazi hiyo.

Mfuko wenyewe una habari yake. Shanta nyingi hupitisha maji kwenye mishono, hata zile zilizoandikwa kwamba hazipitishi, na mifuko ya rambo ambayo zamani ingetatua jambo hili imepigwa marufuku nchini tangu 1 Juni 2019. Suluhisho liko kwenye maduka ya pembejeo. Mfuko wa PICS, ule wa kuhifadhia mahindi bila dawa, una mifuko miwili ya ndani ya plastiki imara, imetengenezwa ili hewa isipite, seuze maji. Toa mmoja wa ndani, utandaze ndani ya shanta, tia vitu vyako, sokota mdomo, ukunje, ufunge kwa kamba kama unavyofunga gunia la mahindi. Wa pili uwe wa malazi: blanketi au mfuko wa kulalia. Gunia la sandarusi la nje halizuii maji, lakini ni zulia zuri la kukalia.

Kuna pingamizi moja ambalo kila mwongozo wa namna hii lazima ulijibu. Mluguru wa Mgeta au Kinole anapanda na kushuka milima hii kila wiki, kanga kiunoni au kaptura, kandambili au peku, kapu la mboga kichwani, wala hana poliesta iliyochaguliwa kwa lebo. Je, haya yote si woga wa watu wa bondeni? Tazama anachokifanya kabla hujaiga anachokivaa. Anatembea akiwa na mzigo, kwa hiyo anazalisha joto muda wote. Hapumziki kwenye upepo wa mgongo wa mlima apige picha. Anajua wingu lipi ni la kupita na lipi ni la kutwa nzima, na mwisho wa safari kuna nyumba, mafiga yanayowaka na nguo nyingine. Yeye pia, kwa njia yake, anazo nguo kavu za usiku. Zimo nyumbani kwake. Mgeni atakayelala Lukwangule hana nyumba huko, na shanta ndiyo inayoshika nafasi ya nyumba hiyo. Kanga, kwa njia, ibebe: ni pamba, itakuwa taulo, itafungia jeraha, itakuwa pazia la kubadilishia nguo. Ila usiitegemee kwa joto.

Miguu nitaipitia haraka, kwa kuwa hapa kila chaguo lina kasoro. Gambuti ndizo viatu vya wakulima wengi wa huko na kwenye tope hazina mpinzani, lakini kwenye mteremko mrefu vidole hugonga mbele mpaka kucha zinalia, na maji yakiingia kwa juu hayatoki. Raba zenye meno huingiza maji na huyatoa. Kwa njia za Mgeta vaa gambuti ukipenda, saizi moja juu, na soksi mbili. Kwa kupanda kilele vaa raba au mabuti yenye soli iliyochongoka, ukubali kulowa, kisha ufuate sheria ileile: soksi kavu usiku, zilizolowa mchana. Chomeka suruali ndani ya soksi, maana siafu hawabishi hodi.

Chakula kihesabiwe pamoja na nguo. Karanga, kashata, tende na sukari guru huliwa kwa mkono mmoja bila kusimama, na mtu anayetafuna kitu kila saa hupata baridi kwa taabu. Chupa ya chai ya tangawizi yenye sukari nyingi ina thamani zaidi ya sweta la tatu. Konyagi ndiyo inayohitaji neno. Wanaoibeba husema inapasha mwili, na kweli ngozi huhisi moto. Lakini moto huo ni damu ya ndani iliyoletwa juu ya ngozi, ambako joto lake hupotelea hewani. Mwili unapungua joto huku mwenyewe akijisifu. Iache mpaka urudi. Tochi ya kichwani na betri za akiba, kibiriti ndani ya kichupa kilichofungwa, simu ndani ya mfuko mkavu karibu na mwili kwa sababu betri hupungua nguvu kwenye baridi: hayo hayahitaji hoja. Wala kibali hakihitaji hoja: msitu wa juu ni Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru tangu 2008, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, na kibali na mwongozaji hupatikana kwa kupita ofisini kabla ya safari.

Jueni pia dalili, kwa kuwa anayepatwa huwa wa mwisho kujua. Joto la ndani ya mwili likishuka chini ya nyuzi 35 mtu yuko hatarini, na hali hiyo hutokea hata hewa ikiwa nyuzi 10, akiwa amelowa na upepo unavuma. Huanza kwa kutetemeka kusikozuilika, kisha vidole vinashindwa kufunga zipu, anajikwaa kwenye njia iliyo sawa, maneno yanakuwa mazito kama ya mlevi, anajibu “mimi mzima” kwa hasira. Akiacha kutetemeka bila kupashwa moto, amezidiwa. Mtoeni kwenye upepo, mvueni kila kilicholowa, mvisheni zile nguo za usiku, mzula ukiwemo, mlazeni juu ya kitu kisichogusa udongo na mwingine alale naye ndani ya blanketi moja. Akiweza kumeza mwenyewe apewe chai ya sukari, na msimsugue miguu. Watoto na wazee hufika hatua hiyo mapema kuliko wengine, basi wao wawe na seti mbili za nguo kavu.

Shanta hii hupungua kulingana na safari. Kwa Morningside, kwenda na kurudi siku moja, mwezi wa Septemba, jezi, sweta, koti jepesi na mzula vinatosha, na nguo kavu ni fulana moja tu ya kubadili. Upande wa Mgeta Julai na Agosti, hofu kubwa ni upepo wa usiku kuliko mvua, kwa hiyo ongeza sweta la pili na upunguze plastiki. Kwa Kimhandu au Lukwangule, na kwa upande wowote wa mashariki, beba yote bila kujali mwezi. Na kati ya Machi na Mei jibu zuri kuliko orodha yoyote ni kungoja masika yapite, kwa sababu njia zenyewe hugeuka mifereji.

Ukirudi, jua la Mazimbu litamaliza kazi kwa saa mbili. Anika koti la mvua likiwa limefunguliwa, ndani nje, kabla ya kulikunja, maana likihifadhiwa na unyevu linashika ukungu na mishono inaachia. Yale mabuti yajaze magazeti. Mifuko ya PICS ijaze hewa mmoja mmoja, sokota mdomo na uminye: ukisikia msss pembeni, una tundu, na mfuko huo hautafaa tena kwa nguo wala kwa nafaka. Usiosikika kitu, urudishe kwenye mahindi.